Ubao wa Maji

Wiki ile mji ulipambwa kama bibi harusi ambaye hakuombwa ridhaa. Maonesho ya sanaa na ubunifu yalitapakaa kila mahali: kwenye kumbi za benki, kwenye ghorofa za juu za maduka, kwenye nyumba za zamani zilizopakwa chokaa upande wa barabarani tu. Kulikuwa na viti visivyokaliwa, taa zisizomulika, na chungu kimoja kilichopasuliwa makusudi kisha kikawekewa mlinzi. Watu walitangaziwa kwamba kutazama ni bure, na kweli ilikuwa bure, ila kila mlango ulikuwa na kijana wa kukutazama wewe kwanza, kuanzia viatu.

Ndani ya kiwanda cha unga kilichofungwa zamani, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Milimita alikuwa anamalizia kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Alikuwa anatengeneza mji mzima wa mbao, wa kuwekwa katikati ya ukumbi mkuu wa maonesho, wenye barabara, reli na majumba madogo yanayoenea kwenye kiganja. Jina lake la utani alilipata kwa sababu hakulijua neno "inatosha". Mlango ukipwaya kidogo tu, anaung'oa na kuanza upya, mwenye nyumba apige kelele asipige.

Kazi ilikwenda kwa utaratibu wake. Mji ulikuwa umekatwakatwa katika mbao za mraba, kila ubao na namba yake na mchoro wake, na mchoro haukuwa na jina la mtaa wala la barabara. Fundi anapewa ubao mmoja, anaumaliza, ndipo anapewa mwingine, na hazikuja kwa mpangilio. Leo unachonga kona ya hospitali, kesho ncha ya kiwanja cha ndege. Msanifu, kijana mpole wa miwani aliyesimamia kazi, alisema hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda haraka. Milimita hakujali. Kwake yeye nyumba ilikuwa kipande cha mbao chenye upana na kimo, basi.

Ubao wa mwisho ulikuwa mwepesi kuliko yote. Haukuwa na nyumba hata moja. Mchoro ulionyesha reli upande wa juu, mfereji pembeni, na katikati umbo la buluu, pana huku na jembamba kule, limezungukwa na miti. Alianza kupiga mistari ya penseli huku akipiga mluzi. Alipofika pale reli inapojikunja ghafla, mluzi ulikatika. Reli ile hujikunja kukwepa kilima cha mawe. Kilima hicho alikijua, maana alikipita kila asubuhi akitoka nyumbani.

Aliugeuza ubao juu chini, akaurudisha. Mfereji, daraja la waenda kwa miguu, kilima. Ile sehemu nyembamba ya buluu ililala sawasawa juu ya uchochoro wao, kuanzia kioski cha kona mpaka mlangoni kwake.

Mlangoni kwake, au tuseme kwa mkewe. Nyumba ilijengwa na marehemu baba mkwe, tofali kwa tofali, na Milimita aliingia humo na sanduku la zana na godoro. Utani wa mtaani juu ya bwana anayelala kwa mke hakuwahi kuuzoea. Aliuchekea tu, kwa meno.

"Bosi," alimwita Msanifu, "hapa pamechorwa maji."

"Eeh. Bwawa la mapumziko. Watu watakuja kupunga upepo. Zuri, si ndiyo?"

"Zuri. Na nyumba zilizopo je?"

"Nyumba zipi?"

"Hapa pana nyumba, bosi. Wanaishi watu."

Msanifu alisogeza miwani akainama juu ya ubao kana kwamba ndiyo kwanza auone. "Fundi, sisi tunatengeneza mji utakavyokuwa. Siyo ulivyo."

"Utakavyokuwa lini?"

"Hilo siyo la kwangu. Mgeni rasmi ndiye atakayetangaza siku ya ufunguzi." Akashusha sauti. "Na mpaka siku hiyo, tafadhali, neno lisitoke nje ya mlango huu. Kuna watu wakisikia nusu wanazua fujo. Jina lako litawekwa ukutani kwa herufi kubwa, unajua hilo? Baada ya hapa, kazi ndizo zitakazokutafuta wewe."

"Nimekuelewa, bosi."

"Kwani wewe unakaa upande gani?"

Milimita alipangusa vumbi la mbao kwenye ubao. "Mbali kidogo," akajibu.

Hakuna aliyemlazimisha kusema vile. Neno lilimtoka tu, kama linavyomtoka mtu anayeulizwa na mwenye mkate mkononi kama ana njaa.

*

Alipofika nyumbani alikuwa amekata shauri kusema. Njia nzima alipanga maneno: ataanza na mama mkwe akiwa hayupo, ataongea taratibu, atasema huenda ni mchoro tu. Lakini mlangoni alijikwaa kwenye maboksi.

"Angalia miguu yako!" Mkewe alipiga kelele kutoka ndani. "Hayo ni marumaru, siyo matofali!"

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, na wateja walimwita Sindano, nusu kwa kazi yake na nusu kwa ulimi wake. Malipo ya awali ya kazi ya mji wa mbao aliyapokea yeye, kama alivyopokea fedha zote za nyumba ile, na aliyafikiria kwa siku kadhaa kabla ya kuamua. Sakafu ya baba yake ilikuwa ya saruji iliyopasuka. Mzee alikufa akiahidi kuitengeneza.

"Umeshanunua?" aliuliza Milimita.

"Nimenunua, nimelipa, na fundi wa kutandika anakuja kesho. Mtoto akirudi likizo akute nyumba ya watu." Mtoto wao wa pekee, binti, alikuwa shule ya bweni. "Mbona umesimama kama umeletewa barua ya mahakama?"

"Hamna. Nilidhani tungesubiri kidogo."

"Tusubiri nini?"

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga kitini, alicheka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima kupita kiasi. "Mwache, mwanangu. Mkwe wangu anaogopa kuteleza. Amezoea vumbi."

"Siyo hivyo, mama."

"Basi nini?" alidaka Sindano. "Rangi? Rangi uliichagua mwenyewe dukani. Ulisimama na futi kamba mpaka muuzaji akanuna."

Ni kweli, aliichagua yeye, rangi ya maziwa yenye mstari mwembamba wa kahawia, juma lile alipokuwa bado hajapewa ubao wa mwisho. Sasa Sindano alitoa kipande kimoja kwenye boksi, akakifuta kwa upindo wa gauni lake, akakilaza sakafuni juu ya ufa mkubwa. Akarudi nyuma kukitazama. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Milimita hakuwa ameiona siku nyingi, na furaha ile ndiyo iliyomfunga mdomo. Alijiambia atasema kesho. Mtu mwoga hakosi kesho.

"Kimekaa vizuri," alisema.

"Kimekaa vizuri, anasema! Mpaka uvutwe ulimi kwa koleo."

*

Fundi wa kutandika alikuja, naye Milimita alikwenda kumimina bwawa.

Dawa ya kutengenezea maji ya bwawa ilikuwa nzito, unachanganya kopo na kopo, unamimina polepole, inaganda na kuwa kama kioo. Ukikosea inaingia mapovu na huna dawa tena ya kulitoa povu. Milimita alijifunga kitambaa puani. Alitia rangi ya buluu kwa ncha ya kijiti, akachanganya bila haraka, akamimina kuanzia upande mpana. Dawa ilitambaa yenyewe kuelekea kule kwembamba, ikajaza uchochoro, ikapita kioski, ikafika mlangoni. Angeweza kuharibu. Wazo hilo lilimpitia, akalitazama, akaliacha lipite, kwa sababu mikono yake haikujua kazi mbaya inafanywaje. Alipomaliza, bwawa lilikuwa halina povu hata moja.

"Fundi, wewe ni hatari," alisema Msanifu, akilipiga picha kwa simu.

Milimita aliona haya kwa jinsi sifa ile ilivyompendeza.

Akitembea kurudi nyumbani alipita mbele ya maonesho mengine. Katika dirisha la duka kubwa walikuwa wamepanga milango mikuukuu, imesimama yenyewe bila kuta, kila mmoja na taa yake. Mmoja ulikuwa bado na namba ya nyumba iliyoandikwa kwa chaki, na chini yake mikwaruzo ya mbwa aliyekuwa akiomba kufunguliwa. Watu wawili waliovaa vizuri walikuwa wanajadili kama mikwaruzo ile ni ya kweli au imechorwa. Milimita alitazama bawaba, akaona zimeng'olewa kwa nguvu, siyo kufunguliwa. Aliharakisha mwendo.

Nyumbani sakafu ilikuwa imekamilika nusu. Sindano alikuwa ametoa amri mpya: hakuna kuingia na viatu, awe mteja, awe jirani, awe mkuu wa nchi. Viatu vilipangwa nje kama mahali pa msiba.

"Leo nimekutana na wapuuzi," alimwambia mumewe akimpokea begi. "Nimemwita fundi umeme, nataka mita yangu ya cherehani, na ile nguzo iliyolala tuinyanyue. Kapanda, kachungulia, kashuka. Ananiambia, 'Mama, huku tumeambiwa tusiweke kitu kipya.' Nikamuuliza, nani kawaambia? Anasema ofisini. Ofisi ipi? Anasema we subiri tu."

"Ulimjibu nini?"

"Nimwambie nini? Nimemwambia ofisi yao na nguzo yao vyote vimepinda."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Na yule wa jana, mwanangu. Mwambie."

"Yule wa chombo cha miguu mitatu! Kasimama pale kilimani, anachungulia nyumba yetu kwa jicho moja. Nikampelekea maji, jua lilikuwa kali. Suruali yake ilikuwa imefumuka nyuma, nikamwambia alete niishone. Kanywa maji, kasema asante, hakunitazama usoni. Watu wa siku hizi hawana adabu kabisa."

Milimita alikuwa ameshika kikombe. Aliona nafasi ile waziwazi, kama mtu anavyoona mlango ulioachwa wazi. Ilikuwa ni kufungua kinywa tu. Kichwani alisikia mkewe akiuliza: na wewe ulifanya nini ulipojua? Jibu la swali hilo lilikuwa limeganda kiwandani, buluu, halina povu.

"Labda mnge... labda marumaru ya chumba cha nyuma yangesubiri," alisema.

Sindano aliweka mikono kiunoni. "Wewe una nini lakini? Tangu jana kusubiri, kusubiri. Mwanamume anapata kazi ya maana mara moja maishani, mkewe anataka sakafu, yeye amenuna. Au unaona nyumba hii siyo yako, usiiwekee kitu?"

Mama mkwe aliacha kuchambua mboga.

"Sikusema hivyo," alijibu Milimita.

"Basi usiseme kabisa."

Na hakusema kabisa. Kesho yake fundi wa kutandika alimaliza chumba cha nyuma.

*

Siku ya ufunguzi Sindano aliwavika wote kwa jora moja. Gauni lake, gauni la mama yake, shati la mumewe, vyote kitambaa kimoja cha kijani, ili watu wajue kabla hawajauliza. Milimita alijaribu mara ya mwisho. Alisema kutakuwa na msongamano, mama atachoka, afadhali waende siku nyingine, watu wakipungua.

"Mkwe wangu unaona aibu kuongozana na mimi?" aliuliza mama mkwe, na alikuwa ameumia kweli.

"Hapana, mama. Hata kidogo."

Mlangoni dada mmoja mwenye kitambulisho kifuani aliwatazama kuanzia viatu. Milimita alikuwa na utepe wa mkononi, wao hawakuwa nao. Familia za mafundi, dada alieleza kwa tabasamu, zinaingilia nyuma, na zingoje kwanza mgeni rasmi amalize. Basi walingoja karibu na mapipa ya taka, katika nguo zao za kijani, wakisikia ndani kipaza sauti kikinguruma bila maneno, na makofi, na kipaza sauti tena. Milimita alikuwa ameitwa ndani. Sindano alimpanguza mama yake jasho, akasema hawa watu wana joto lao binafsi.

Walipofunguliwa, mama mkwe alikuwa hajiwezi kwa miguu. Aliona kivuli cha kiti, akakiendea, akakaa. Kijana alikuja mbio. "Bibi! Bibi, hicho hakikaliwi!"

"Kina ubovu gani?"

"Hakina ubovu. Ni kazi ya sanaa."

"Kiti kizima, hakina ubovu, hakikaliwi?" Mama mkwe alisimama kwa shida. Watu walicheka, wengine kwa wema, na Sindano akamshika mama yake mkono kwa nguvu kupita haja.

Mji wa mbao ulikuwa katikati, umezungushiwa kamba, taa zikiumulika kutoka juu. Sindano alisahau yote. Alimwelezea mama yake kila kitu kwa sauti: hospitali hii hapa, soko hili hapa, angalia madirisha, mama, kayatoboa kila moja. Kidole chake kilitembea hewani juu ya kamba, kikafuata barabara kuu, kikavuka daraja la waenda kwa miguu.

"Na sisi?" aliuliza mama mkwe. "Sisi tuko wapi?"

"Ngoja. Reli ile. Kilima hiki."

Kidole kilisimama. Milimita, aliyekuwa upande wa pili na Msanifu na watu wengine, alikiona kilivyosimama. Kilirudi darajani, kikaanza upya, polepole zaidi, kikafika palepale.

"Dada," Sindano alimwita mmoja wa wenye vitambulisho. "Hapa ni nini?"

"Hapo ni bwawa la mapumziko, mama. Ndilo litakaloanza. Kazi inaanza mara tu maonesho yakifungwa."

"Wenyewe wameambiwa?"

"Wenyewe?"

"Wa hapo."

Dada alifikiri kidogo. "Nadhani walishirikishwa," alisema, kama alivyofundishwa.

Sindano alilitazama bwawa, jinsi taa ilivyolala juu yake. Halafu aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumuuliza mteja upana wa mabega: "Na nani kalitengeneza? Limetulia kama maji yenyewe."

"Fundi mwenyewe yule pale!" Dada alifurahi kupata swali rahisi. Akanyoosha mkono. "Yule wa shati la kijani! Kila kitu kwa mkono wake!"

Watu waligeuka. Mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakafuata, Msanifu akamshika Milimita bega na kumsogeza mbele. Mama mkwe, ambaye hakuona lolote, alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. "Mkwe wangu huyo!" alisema kwa watu asiowaona. "Mkwe wangu!"

Sindano naye alipiga makofi. Alipiga taratibu, akimtazama mumewe machoni, na aliendelea kidogo baada ya wengine kuacha.

*

Njia nzima mama mkwe ndiye aliyeongea. Alisifu ukumbi, alisifu makofi, alilaani kiti. Aliuliza tena kama nyumba yao ilionekana, na Sindano akamjibu kwamba watu walikuwa wengi, hakuona vizuri. Kilimani walipita kigingi kipya cha chuma chenye kitambaa chekundu, na hakuna aliyekitaja. Milimita alitembea nyuma yao. Alitamani mkewe amtukane, apige mayowe, aite majirani. Sindano alikuwa hajawahi kukosa neno tangu amjue, na ukimya ule ulimwogopesha kuliko tangazo la mgeni rasmi.

Mlangoni mama mkwe alivua viatu, akaingia akipapasa ukuta, akaenda kulala. Sindano alivua vyake. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono juu ya mapaja, akitazama sakafu. Alikuwa ameipiga deki asubuhi kabla ya kutoka. Dirisha lote lilionekana ndani yake.

Milimita aliingia, akasimama katikati ya chumba.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," alisema Sindano. "Kimoja tu, usinizungushe. Ulijua lini?"

"Mke wangu, waliniambia nisi..."

"Sikuuliza walikuambia nini. Kabla ya kutandikwa marumaru, au baada?"

Neno moja lingemsaidia. Neno "baada" lilikuwa karibu, jepesi, na hakukuwa na shahidi. Lakini alikuwa mtu ambaye maisha yake yote hakuweza kukiacha kipande kilichopinda kipite, na sasa, amechelewa kuliko alivyowahi kuchelewa, hakuweza.

"Kabla," alisema.

Sindano alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepima kitambaa akakuta hakitoshi. Machozi yalimjaa, hakuyafuta. Macho yake yalishuka polepole kutoka usoni mwa mumewe, yakapita shati la kijani alilolishona kwa mkono wake, yakafika miguuni.

"Vua viatu," alisema. "Hapa bado ni kwa baba yangu."